Bwana Afya na Wageni wa Septemba

Kabla ya kubisha hodi alikuwa anaizunguka nyumba kwanza. Ungekuwa jikoni unaosha vyombo, mara unaona kofia ya sufu inapita chini ya dirisha, inasimama, inainama, inapotea, halafu inaibukia dirisha la pili. Asiyemjua angeshtuka. Mimi nilikuwa nabandika chai, maana nilijua kengele haitalia mpaka nusu saa ipite, na kwamba akishaingia hataniuliza habari za kazi wala za mtoto kabla hajanipa habari za ukuta wangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Upande wako wa jua umejaa wadudu, Mama Neema. Wameitisha mkutano wa hadhara."

Sote tulimwita Bwana Afya, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyostaafu nayo huko nyumbani Tanzania. Watoto wetu waliozaliwa huku Minnesota hawajui bwana afya ni mtu gani, na nimejaribu kumweleza binti yangu nikashindwa. Ni yule mtu wa halmashauri anayeingia uani kwako bila miadi, anafunua mtungi wa maji, anachungulia choo, anamuuliza mama lishe aproni iko wapi, na akitaka anaifunga hoteli kabla wali haujaiva. Mama yangu alikuwa na genge la vitumbua, na siku ya bwana afya tulifagia mpaka barabara ambayo si yetu. Kwa hiyo mara ya kwanza mzee huyu aliposimama sebuleni kwangu Eagan, na faili la ubao mkononi, mimi mtu mzima, mtaalamu wa maabara ninayepima damu za watu kutwa nzima, nilijikuta nimeficha sahani chafu ndani ya oveni. Alizikuta.

Mwanawe ndiye aliyemleta Amerika baada ya mkewe kufariki, ili aje apumzike. Walimwandalia chumba kizuri huko Inver Grove Heights, chenye zulia na televisheni yake mwenyewe. Saa moja asubuhi mwana na mkwe walikuwa wameshaondoka kazini, watoto wameshapanda basi la shule, na nyumba ilibaki naye peke yake mpaka jioni. Huko hakuna duka la kwenda kwa miguu, hakuna kijiwe, na jirani ukimpungia mkono anakupungia naye, anaingia gereji, mlango unajishusha wenyewe. Mtu aliyeishi miaka yake yote kwa kuingia nyumba za watu akawekwa kwenye nyumba asiyoingia mtu. Hakuwahi kulalamika. Ila alijua dakika anayopita mleta barua, na alijua siku ambayo mleta barua alikuwa mwingine.

Wadudu ndio waliomtoa. Wanaoishi nchi hizi watanielewa. Mwishoni mwa Septemba, mchana bado una joto na usiku umeanza kuuma, vidudu vinatafuta pa kulala hadi machipuko. Kuna vile vyeusi vyenye mistari myekundu mgongoni, vinavyojazana kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kuna vile vya mviringo, rangi ya chungwa na madoa, vinavyokuja baada ya baridi ya kwanza. Na kuna vile vya kahawia vyenye mabega mapana, ukivigusa vinatoa harufu ya giligilani iliyooza. Haviumi, ukiacha vile vya madoa vinavyofinya kidogo. Havili chakula chako na havizaliani ndani ya nyumba. Vinataka kulala tu. Lakini vinakuja mamia kwa mamia, vinapenya kwenye nafasi usiyoweza kupitisha hata kadi, na Januari jua likipiga vinazinduka ndani ya kuta, vinadhani kumekucha, na unavikuta vinatembea taratibu kwenye kioo cha dirisha huku nje theluji imefika magotini.

Vuli yake ya kwanza, majira ya majani kupukutika, Bwana Afya alitoka nje kuota jua akaona ukuta wa mwanawe unatembea. Mwana alimwambia, "Baba, just leave them, hawana madhara." Alinisimulia hilo mara nyingi, na kila mara kwa mshangao uleule. Katika utumishi wake wote hakuna mtu aliyewahi kumwambia amwache mdudu.

Yeye aliwaita wageni. "Mdudu wa kwetu anakuja kula," alikuwa akisema. "Wa huku anakuja kulala. Huyo ni mgeni. Lakini mgeni asiyepiga hodi, ukimwamsha ananuka." Kuwaua hakupenda. Kumpiga mdudu ndani ya nyumba, kwake, kulikuwa ni kukiri kosa, maana ungeziba mapema asingekuwamo. Ilibidi ukae nao kwa adabu: soksi ndefu ya nailoni unaichomeka ndani ya bomba la mashine ya kufyonzea vumbi, unawavuta, unaifunga fundo, unawamwaga nje. Nimemwona akimbeba mmoja kwenye ganda la karanga, anafungua mlango, anamweka kwenye ngazi, anamwambia, "Haya, baba, kwaheri." Halafu akarudi ndani kuendelea kutupa maganda ya karanga sakafuni kwangu. Alikuwa hodari wa usafi wa nyumba za watu, ila pale alipokaa yeye ilibidi ufagie.

Kazi yake alikuwa anaifanya hivi. Anafunga mapazia, anazima taa, anakuambia usimame kimya, halafu anatafuta mwanga: chini ya mlango, pembeni mwa fremu, pale nyaya zinapoingia ukutani. Anaandika kwenye faili: Mashariki. Kusini. Magharibi. Kaskazini. Dari. Mabomba. Mbele ya kila neno anaweka hukumu yake kwa mwandiko wa serikali. Neno alilolipenda lilikuwa "Hairidhishi". Kisha anawasha udi. Ndiyo, udi huuhuu wa kufukizia nyumba, aliokuwa akiletewa na akina mama wa Kiislamu wa hapa mjini wakidhani anaupenda kwa harufu. Anaupitisha taratibu kando ya dirisha, na moshi ukikatika au ukivutwa, pale ndipo penye ufa. Vuli moja king'ora cha moshi kililia kwangu mara nne kabla ya adhuhuri. Neema, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, alikuja mbio akaziba masikio.

"Mom, is Babu burning the house down?"

"Muulize mwenyewe kwa Kiswahili."

Alimwangalia, akafikiri, akasema, "Babu, moto?"

"Hapana, mjukuu wangu. Hewa," akasema Bwana Afya. "Natafuta hewa."

Baada ya udi ndipo inatoka bunduki. Sisi Watanzania silikoni ya kuzibia tunaiita silikoni, na kile chombo cha kuikamulia, chenye kifyatulio, tunakiita bunduki, na hakuna anayeshangaa. Yake ilikuwa ya chuma chekundu. Aliibeba kwenye mfuko wa kitenge uliokuwa wa marehemu mkewe. Alivuta mstari mwembamba, akaulainisha kwa kidole gumba alichokilowesha mate, na kila mwaka mimi nilimwambia atumie maji, na kila mwaka alinijibu kwamba maji hayana mkono. Tundu kubwa alilijaza kwanza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Yale matundu madogo ya chini ya dirisha ya kutolea maji alinikataza kabisa nisiyaguse, akayawekea wavu. "Nyumba inatoa jasho," alisema. "Ukiiziba jasho inaoza."

Nilishangaa jinsi kazi ya saa mbili ilivyomchukua kutwa nzima. Akiwa kazini hakunywa hata maji, kwa sababu mkaguzi hali kwa anayemkagua. Wanasema huko nyumbani aliwahi kumrudishia mwenye hoteli mfuko wa sukari mbele ya watu, na mwenye hoteli akaona haya mpaka akahama mtaa. Lakini akishafunga faili alikula vizuri, akakaa, akaomba chai ya pili, akaeleza kuhusu mbu wa mwaka fulani na kipindupindu cha mwaka mwingine. Akisikia gari la mwanawe nje anavaa koti polepole sana, kitufe kimoja kimoja. Na mlangoni, badala ya kuaga, anauliza, "Kesho ni nani?"

Ilikuwa lazima awepo wa kesho. Sisi tuliokuja kusoma tukabaki na kazi zetu, tulipeana namba yake. Mama mmoja Mkongo, aliyekuja na wanawe kutoka kambini na kupangishwa nyumba ya zamani katika mtaa wa Phillips, alinipigia nimtafutie.

"Dada, leta ule papa. Ma-insectes iko naingia ku fenêtre yote, ata ku kitanda ya batoto. Batoto banalia."

Wadudu walikuwa wanaingia madirisha yote, hadi kitandani kwa watoto. Nilimpeleka Mzee mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na nyufa za miaka mia, na Bwana Afya aliiangalia kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake. Walielewana nusu kwa nusu, yeye na Kiswahili chake cha ofisini, mama na chake cha mashariki ya Kongo, na wakachekana matamshi. Alirudi pale siku tatu mfululizo. Siku ya tatu watoto wa mama yule walikuwa wanamfuata kila chumba wakimshikia udi, na aliporudi garini alinyamaza mpaka tulipofika daraja la mto. Halafu akasema, "Wale wananijibu kwa Kiswahili." Wajukuu zake mwenyewe walikuwa wanamwelewa, lakini majibu yalirudi kwa Kiingereza, na yeye kwa Kiingereza cha watoto alikuwa kama kiziwi.

Nje ya msimu alikuwa anapiga simu. "Mama Neema, wageni wako hawajambo?" Februari hiyo, theluji kila mahali. Namwambia hawajambo, nimemwona mmoja bafuni. Ananiuliza bafuni upande gani. Namwambia. Nasikia televisheni yake nyuma. "Nitakuja kumwangalia vuli," anasema. Mimi nilikuwa namjibu huku nimebana simu kwa bega, naandaa chakula cha kesho kazini, na mara nyingine namwambia, Mzee, nakupigia baadaye, halafu sipigi.

Sasa niseme habari ya meseji, maana ndiyo watu wote wanayoikumbuka.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kimarekani, mtu mwema. Vuli iliyotangulia alikuwa amemwona Bwana Afya akilizunguka jengo letu, akaniuliza, nikamweleza, akaomba naye asaidiwe. Nikampa Bwana Afya namba yake. Nilipaswa kumwandikia mimi ile meseji. Bwana Afya aliiandika mwenyewe, kwa Kiingereza cha barua za serikali, akikitafsiri Kiswahili chake neno kwa neno. Alimwambia mama yule kwamba kesho saa nne asubuhi atafika na bunduki yake kuwamaliza wageni wote walio ndani ya nyumba. Kwamba tafadhali asiwe na hofu, haitachukua muda. Na kwamba vitanda visogezwe mbali na ukuta.

Saa nne yetu, ile ya chai ya ofisini, aliiandika vilevile, nne. Kwa saa za huku hiyo ni alfajiri mbichi, watu hawajageuka upande wa pili. Na bahati mbaya ilivyo mbaya, mama yule siku hiyo alikuwa na wageni kweli. Dada yake na watoto watatu kutoka Wisconsin.

Akaita polisi, nao wakafika Inver Grove Heights alasiri ya siku ileile, wawili. Walimwomba wazungumze naye kuhusu silaha. Bwana Afya alifurahi kwamba serikali imekuja. Aliwaonyesha bunduki, akawaonyesha ukuta, akataka kuwawashia udi. Mmoja wao alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Jirani yangu alilia kwa aibu alipoelezwa, akampelekea keki. Sisi tulicheka mwaka mzima. Kila harusi na kila msiba lazima mtu aisimulie, na kila msimuliaji aliongeza idadi ya polisi.

Mwanawe hakucheka. Alinipigia simu usiku ule na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Dada, nyinyi mnacheka. Mimi nilifika nimewakuta polisi wawili wanamwambia baba yangu atoe mkono kwenye mfuko wa koti. Na baba hasikii vizuri, si unajua? Anawauliza, 'Nini? Nini?' huku mkono uko mfukoni. You know how that story ends hapa Amerika mara nyingi, kwa mtu mweusi."

Nilijua. Mwana huyo aliichukua ile bunduki nyekundu na mfuko wake wa kitenge, akavitia kwenye buti la gari, akawa anatembea navyo kwenda kazini na kurudi. Akamwambia baba yake kwa heshima kwamba sasa imetosha, apumzike kweli.

Ningeweza kuishia hapo, kwamba tuliacha kumwita kwa sababu ya polisi, na msomaji angenihurumia. Ningekuwa muongo. Mimi nilikuwa nimeacha kabla. Miezi miwili kabla ya ile meseji nilibadilisha madirisha ya nyumba yangu, yote, vioo viwili viwili na mipira mipya, na fundi aliponihakikishia kwamba haitapita hata hewa nilimpigia simu Bwana Afya kwa furaha. Nilikuwa nimeegesha gari mbele ya kazi. Nakumbuka maneno yangu kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi.

"Mzee, nimepata madirisha mapya! Mwaka huu hutasumbuka tena kwangu. Upumzike tu."

Akasema, "Vizuri. Hongera, mwanangu." Akaniuliza ni ya aina gani, nikamwambia. Akasema hongera mara ya pili. Nikaingia kazini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, kama mtu aliyembebea mzee mzigo.

Vuli mbili zikapita. Neema akaenda chuoni Duluth. Baba yake tulishaachana zamani, na kwa mara ya kwanza nikawa narudi jioni kwenye nyumba iliyo vilevile nilivyoiacha asubuhi, kikombe palepale, khanga palepale. Jumapili moja niligundua kwamba tangu Ijumaa jioni sijatoa sauti. Nilisema "Ee Mungu" kwa nguvu, nikaisikia sauti yangu imekwaruza. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mzee na mleta barua wake. Nikasema nitampigia kesho. Kesho ikaja, nikaona haya, kwa sababu sikuwa na sababu ya kupigia, na mtu akinyamaza miaka miwili lazima awe na sababu.

Alipiga yeye, Oktoba iliyopita, siku ya Alhamisi.

"Mama Neema. Jumamosi nakuja kwako. Ukaguzi."

"Shikamoo, Mzee! Karibu sana. Lakini kwangu wadudu siku hizi ni mmoja mmoja tu, madirisha..."

"Marahaba. Sijauliza madirisha."

Mwanawe alimleta mchana. Alibaki nyuma kidogo mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba anarudi nyumbani Tanzania moja kwa moja, tiketi imekatwa, ni wiki moja imebaki. "Ameniomba bunduki yake. Eti azungukie nyumba zote alizowahi kuziba. Nilidhani ni kuaga tu, lakini kila nyumba anataka abaki ndani peke yake na mwenye nyumba. I don't know, dada. Nimempa." Akasema angempitia jioni.

Bwana Afya alikuwa amepungua. Koti lilimkaa kama la kuazima. Hakufungua faili, hakuomba nizime taa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile chumba kidogo cha kufulia, akasimama mbele ya mashine ya kukaushia nguo.

"Nisaidie tuisogeze."

Tukaisukuma pamoja. Nyuma yake, pale bomba la hewa ya moto linapotoka kwenda nje, kulikuwa na silikoni yake ya miaka ile, imegeuka manjano, mstari mzuri. Upande wa chini mstari ulikuwa umekatika. Nafasi ya kupitisha kidole cha mwisho. Na haukuwa umebanduka. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, sawasawa, huku na huku.

"Panya?" nikauliza.

"Mimi."

Nilidhani anatania. Alikuwa ameangalia ukuta.

"Kila mwaka nikishaziba zote, nilikuja hapa nikakata. Kwako ni hapa. Kwa yule mama wa Phillips ni nyuma ya friji. Kwa wengine chini ya sinki, kwa wengine darini. Kila nyumba niliacha tundu moja." Akavuta pumzi. "Nikiziba zote, mwaka unaofuata hamna wadudu. Na hamna wadudu, mtaniitia nini?"

Nisidanganye, kwanza nilikasirika. Nilikumbuka Januari zangu zote na soksi ya nailoni, vile vidudu vilivyokuwa vinatembea kwenye mto wa mtoto wangu. Mtu aliyenihukumu kwa sahani chafu! Yule aliyerudisha sukari! Kisha hasira ikaniishia palepale, nikabaki nimeshika mashine ile.

"Mzee, ungesema tu. Ungesema unataka kuja. Tungekuita."

Akageuka akaniangalia, bila ubaya wowote.

"Mwaka wa madirisha uliniita?"

Niliinamisha kichwa, na machozi yakaanguka kwenye mashine, mbele yake, nami sikuyafuta. Yeye alinipa muda. Alichukua katoni la sabuni lililokuwa juu ya rafu, akasoma maandishi yake kama mtu anayeyahitaji.

"Sikusema ili ulie," akasema mwishoni. "Nimesema kwa sababu naondoka. Siwezi kuondoka nimeacha nyumba za watu ziko wazi. Mkaguzi gani huyo?" Alikwisha kwenda kwenye nyumba zote, akakiri kwa kila mmoja, akaziba. Yule mama wa Phillips alimcheka mpaka akakaa chini, halafu akamkatalia kabisa asilizibe tundu lake, na ikabidi Mzee alizibe kwa siri wakati mama yule amekwenda kumfungulia mtoto mlango. Mmoja wetu, sitamtaja, alimkasirikia kweli na hakumpa hata kiti. Yangu ilikuwa ya mwisho.

"Liache," nikamwambia. "Mzee, nakuomba. Liache tu."

"Nikuachie wadudu? Mimi?"

Akapiga magoti, polepole, mkono mmoja juu ya bega langu. Akakamua. Mstari ulitoka umenyooka. Akalowesha kidole gumba, akalainisha, akaangalia, akalainisha tena mahali ambapo palikuwa pameshalainika. Nilitamani tundu lile liwe refu. Lilikuwa dogo sana, na mara likaisha. Nikamsaidia kusimama, tukairudisha mashine mahali pake, na kukawa hakuna tena kitu chochote ndani ya nyumba yangu cha kumfanya abaki.

Nikampikia ugali na dagaa alizoniletea mtu kutoka Mwanza. Alikula vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna aliyetaja ukuta. Aliniuliza Neema anasoma nini huko Duluth, na kama simu anapiga. Nikamwambia anapiga Jumapili, ikiwa hana mtihani. Aliniuliza ninalala saa ngapi, nani ananipikia nikiumwa. Maswali hayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza katika nchi hii, na niliyajibu yote kwa ukweli. Nami nikamuuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Aliweka tonge chini. Akanieleza mpaka jua likahama kutoka meza kwenda sakafuni, namna alivyokuwa anacheka akiwa jikoni peke yake, bila sababu, na kwamba hakuwahi kumuuliza anacheka nini. Nilimimina chai ya pili, na ya tatu.

Saa kumi na moja simu yake ikalia. Kwa sababu hasikii vizuri huiweka sauti ya wazi, kwa hiyo nilimsikia mwanawe akiwa barabarani.

"Baba, niko njiani. Umemaliza kazi?"

Bwana Afya aliniangalia. Silikoni ilikuwa imemkaukia kwenye kidole gumba, na bunduki tulishaisafisha, ilikuwa imelala juu ya meza kati yetu.

"Bado," akamwambia mwanawe. "Bado sana."